Shamba la Mtu wa Vyombo

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla watu wa kamati hawajafika na kamba zao za kupimia mashamba, kwa maana wakishapima nami bado nimefunga mdomo sitakuwa na la kuomba tena. Gazeti lako hunifikia likiwa limefungiwa nyama, na mara nyingine nusu ya majibu yako imelowa damu siwezi kuisoma, lakini nimeona husemi na watu kwa kuwabembeleza, ndiyo maana nimekuchagua wewe na si mke wa mwalimu wetu wa kanisa, ambaye nikimwambia asubuhi, jioni kila jiko la kijiji litakuwa linapika maneno yangu.

Mimi ni mke wa Njuki, wa hapa upande wa Runyenjes, na mume wangu yuko Amerika tangu kabla ya Hali ya Hatari, alikwenda kusoma wakati mtoto wetu wa kwanza, Runji, alikuwa ananyonya na wa pili, Wambeti, alikuwa bado tumboni, na baba yake, mzee Runji, ndiye aliyemaliza zizi lake la ng'ombe ili apate nauli ya meli, akisema mtoto mmoja akisoma kwa wazungu wa mbali, hawa wa karibu watajifunza kutusalimia. Basi akaenda, na nyuma yake vita vya msituni vikaingia, tukatolewa kwenye mashamba tukapangwa kijijini kama magunia ndani ya stoo, tukachimbishwa handaki, mimi na Wambeti mgongoni, na filimbi ikilia jioni uko ndani hata kama chungu chako kiko motoni nje. Sikulalamika, wote tulikuwa hivyo, lakini mimi nilikuwa na jina langu peke yangu, nikiitwa Mke wa Amerika, na jina hilo halikunipa kitu ila liliniondolea, kwa mfano wakati wa njaa ilipokuja lori ya maziwa ya unga kwa watoto, nikapanga mstari na bakuli langu, hom-gadi mmoja, mlinzi wa kijiji wa upande wa serikali, akanitoa kwa mkono akasema, "Wewe toka hapa, mwachie maskini, bwana yako iko Amerika," na yale magunia, mshauri, yalikuwa yameandikwa kwamba maziwa yametoka Amerika. Nikarudi na bakuli tupu.

Sasa nikueleze habari ya vyombo, kwa sababu ndiyo imeniharibia maisha. Siku zile barua za Kiembu zilikuwa zikikaa kwa wakaguzi wa serikali mpaka zinachakaa, kwa hiyo Njuki aliandika kwa baba yake kwa Kiswahili, ambacho wakaguzi walikisoma upesi, na mzee akaita watu wasikie, akamwita mwalimu wa kanisa asome, Nyamu akaja, yaani ndugu mkubwa wa Njuki, na mkewe na Runji wao, ambaye ni kijana mzima aliyekwisha kutahiriwa, na majirani wakajaa uani. Mwalimu akasoma salamu zote mpaka akafika mahali palipoandikwa, "Baba, namshukuru Mungu, nimepata kazi ya vyombo katika hoteli kubwa ya mjini." Mzee alikuwa askari wa wazungu kule Burma, na Kiswahili chake ni cha jeshi, kwake chombo ni kitu chenye waya na taa, akainuka kitini akasema, "Mnasikia? Mtoto yangu ni mtu wa vyombo! Burma mtu wa vyombo alikuwa yule wa simu ya upepo, na hata kapteni alikuwa anamngoja amalize kusikiliza." Mtu mmoja akauliza hoteli inataka vyombo vya namna gani, na mzee akamjibu kwamba hoteli za Amerika zina orofa mpaka mawinguni, nani anapandisha watu huko juu kama si vyombo. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akakunja barua bila kusema neno, na mimi pia sikusema, kwa kuwa sikujua, nilifikiri pengine ndivyo.

Tangu siku hiyo mzee amekuwa mtu mwingine, alikuwa ameinama kwa sababu ya ng'ombe wake na sasa akatembea wima, barazani kwa chifu anapewa kiti, na picha ya Njuki akiwa ameegemea gari jeusi refu imetundikwa juu ya kitanda chake, na Wambeti wangu, ambaye hajawahi kumwona baba yake, akiulizwa baba yako ni nani, anaonyesha gari.

Basi mwaka huu, mvua zilipokatika, akaja mtu anayeitwa Murithi, Mmeru wa Kiirua, aliyerudi kutoka Amerika na cheti chake, na ambaye alikaa chumba kimoja na Njuki huko, akaomba pasi, ile karatasi ya ruhusa ya njia, apite Embu ili anisalimie. Mzee hakuwapo. Nikamkaribisha kiti, nikampa uji, nikamwambia kwa kiburi kidogo, sikufichi, "Shemeji, huyu mtu wa vyombo atarudi lini kwetu?" Akacheka. Halafu akaona mimi sicheki.

"Vyombo gani, shemeji?"

"Si hizo za hoteli."

Akaweka kibuyu chini. "Njuki anaosha sahani," akasema. "Sahani, vikombe, sufuria. Anasimama kwa maji ya moto tangu asubuhi mpaka mikono inakuwa kama ya maiti. Sikujua hamjui."

Nikamwambia anieleze yote, na akanieleza, na mambo aliyoyasema nimeyachukua kichwani kama mzigo wa kuni mpaka leo. Alisema Njuki aliacha chuo kwa kukosa karo, akaingia kiwanda cha kutengeneza magari, na huko alipata mshahara wa maana, ndipo ile vita ya Korea ikaisha, na kiwanda, ambacho kilikuwa kikiundia jeshi malori pia, kikapunguza watu, na desturi yao ni kwamba aliyeingia mwisho ndiye anatoka kwanza, na mtu mweusi ndiye huingizwa mwisho. Nikamwuliza, "Na gari lake?" Akasema gari la kwenye picha ni la daktari wa meno, aliwaruhusu kuliegemea kwa vile Njuki alikuwa amemfagilia theluji mlangoni, na hata huyo daktari gari si lake, bado analilipia kidogo kidogo kila mwezi. "Shemeji, usione zile picha," aliniambia. "Huko mtu ana gari, ana sanduku la barafu la stima, ana sanduku lingine la kutazama sinema ndani ya nyumba, na hakuna hata kimoja ambacho ni yake. Akipoteza kazi, lori inakuja kuchukua vyote, na majirani wanachungulia kwa pazia wakiomba Mungu isiende kwao." Akasema pia kwamba ile hoteli kubwa, mtu mweusi haingii kwa mlango wa mbele wala haketi kula, kwa hiyo Njuki anaosha sahani asizoruhusiwa kulia. Nikamwambia hayo hata Nairobi yapo. Akasema ndiyo, lakini kwenda Nairobi hatukuuza ng'ombe.

Na kuna moja aliyoniambia ambayo ndiyo inaniuma zaidi. Mwenye nyumba wao, mama mmoja mjane, alikuwa kila siku akilalamika kwamba kahawa imepanda bei, ati mwanamke wa Amerika sasa anachemsha kahawa ile ile mara mbili, na siku moja Njuki akamwambia, "Mke wangu kwetu ana miti ya kahawa." Yule mama akamtazama, akamwuliza, "Kama mna kahawa nyumbani, wewe unafanya nini hapa na sahani zetu?" Murithi anasema Njuki alipanda juu akalala na viatu.

Miti hiyo niliipanda mimi, mshauri, nilichimba mashimo kwa kipimo cha mkaguzi wa kilimo, nikaitandikia majani ya migomba, nikabeba mbolea kutoka kijijini kila tuliporuhusiwa kutoka, na buni nabeba kwa mgongo mpaka faktari ya kuimenya. Sijui bei ya huko inamwendea nani. Kwangu haijafika.

Murithi alipoondoka alisema Njuki amemtuma kwa mdomo, si kwa karatasi: "Mwambie Mama Runji ajue, ila baba asijue. Baba akijua atakufa." Nikaahidi. Nilimwahidi Murithi pale mlangoni, na nimetunza ahadi, ingawa nikimwona mzee anapangusa ile picha natamani kupiga kelele.

Sasa yamekuja mambo ya kukusanya mashamba, vipande vya huku na huko viwe kimoja na kila kimoja kiandikwe jina la mtu, na Nyamu, ambaye alikuwa hom-gadi na wenzake wengine wamo ndani ya kamati, amesimama mbele ya ukoo akasema, "Njuki ni mtu wa vyombo, baba mwenyewe amesema. Akirudi atanunua shamba ya mzungu. Ya nini kumkatia hii kidogo yetu? Iandikwe yangu, mimi niliyebaki hapa nikiwalinda." Nikangoja mzee akatae, naye akatazama fimbo yake, akasema, "Ni kweli. Mtu wa vyombo hana haja na hii." Nikasema, "Baba, na watoto wa Njuki watakula wapi?" Nyamu akanijibu kabla ya mzee, "Watakula Amerika," na watu wakacheka, hata wale ambao nilichimba nao handaki walicheka.

Baadaye mzee akaniita kando. Yeye huniita mama, kwa sababu nimemzaa Runji, na Runji ni yeye mwenyewe. Akasema, "Usilie, mama. Ile sehemu ya kahawa nitawaambia waandike Runji. Nyamu hawezi kukataa jina yangu." Nikatulia kidogo, lakini sehemu yetu ya mahindi na maharagwe itakwenda kwa Nyamu, na kahawa haiwezi kuliwa.

Nifanye nini? Nikisema, nimevunja ahadi ya mume wangu na nimemuua mzee, ambaye kifua chake ni kibovu na ambaye hajanikosea kwa lolote isipokuwa kuamini neno moja, na watu watacheka hata watoto wangu njiani. Nikinyamaza, nitakuwa mtu wa kuomba ruhusa kwa Nyamu kabla ya kung'oa kiazi. Na kusema kweli ninamchukia Njuki siku nyingine, halafu namwona amesimama kwenye yale maji ya moto, siwezi. Kamati inakuja mwezi huu. Nijibu upesi, na usitaje jina langu.

Wako,
Mke wa Mtu wa Vyombo


MSHAURI ANAJIBU

Mama, pole. Na uishike vizuri hiyo pole, kwa sababu sitairudia. Majina ya barua yako nimeyabadilisha kama ulivyoomba, ila pale ulipokuwa na majina mawili yaliyo sawa nimeacha yawe sawa, na utaona sababu.

Kuhusu bakuli lako na ile lori ya maziwa, sina cha kukushauri, nimekasirika tu pamoja nawe. Nimeisoma sehemu hiyo kwa sauti hapa ofisini, na mpiga chapa, ambaye hana kawaida ya kusikiliza, alisimamisha mashine.

Sasa tuje kwako. Unasema mzee hakukosa isipokuwa kuamini neno moja. Hebu tulitazame hilo neno. Mume wako amesoma, na Kiswahili anakijua kuliko mimi na wewe. Mtu anayeosha vyombo huandika "naosha vyombo". Njuki aliandika "kazi ya vyombo". Aliacha neno dogo moja tu, kuosha, na aliliacha makusudi, kwa kuwa alijua baba yake ni askari wa zamani na atasikia vyombo vya namna gani. Simlaumu sana. Mtu aliyemaliziwa zizi zima la ng'ombe ataliandika vipi neno sahani? Lakini usiniambie mzee alikosea kusikia. Alisikia kile alichoandikiwa. Na yule mwalimu wa kanisa aliyekunja barua bila kusema neno alijua, naye ni mwoga, na nakupongeza kwa kutompelekea mkewe siri yako.

Kuosha sahani si aibu. Mimi nimeosha sahani za wazungu Nanyuki kabla sijashika kalamu, na nilirudi nyumbani na mikono kama hiyo unayoisikitikia. Aibu ni kwamba uongo umeachwa utembee peke yake mpaka umeingia kwenye kamati na kuanza kugawa mashamba. Ulipokuwa wa kujivunia barazani ulikuwa mchezo wa mzee, mwache apate kiti chake. Siku Nyamu alipousimamia mbele ya ukoo ukawa kitu kingine, na siku hiyo ndiyo ulipaswa kufungua mdomo.

Tena umeniandikia jambo kubwa kana kwamba ni dogo. Unasema mzee ameahidi sehemu ya kahawa iandikwe Runji, ukatulia. Mama! Mimi ni Mmeru wa Imenti, kwetu majina tunayapa kwa njia nyingine, lakini nimeishi na Waembu vya kutosha kujua mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la nani. Wako ni Runji. Na wa Nyamu? Umemtaja mwenyewe, amekuja na mama yake kusikia barua, "Runji wao, ambaye ni kijana mzima aliyekwisha kutahiriwa." Mzee akitamka Runji mbele ya kamati, na karani akaandika Runji, basi siku ya kuulizwa ni Runji yupi, atasimama yule mwenye ndevu, mwenye kipande cha kitambulisho mfukoni na baba mwenye marafiki kwenye kamati, na wako atakuwa shuleni akijifunza kusoma. Nyamu hatakataa jina la baba yake, hapo mzee amesema kweli kabisa. Atalipokea kwa mikono miwili! Huenda mzee hajaliwaza hilo, kwake wajukuu wote ni yeye. Nyamu amekwisha kuliwaza, niamini.

Kwa hiyo kile ulichokiona kama faraja hakipo. Hujabakiwa na sehemu ya kahawa ukakosa ya maharagwe. Hujabakiwa na kitu.

Fanya hivi. Nenda kwa mzee, mchana, akiwa amekula na kifua chake kimetulia, wala usiende na mtu. Usianze na Amerika, wala vita vya Korea, wala gari la daktari. Mwambie, "Baba, Njuki anaosha sahani." Utamke kwa Kiembu, ambako neno hilo halina njia mbili. Halafu unyamaze, umwache. Akikasirika, akae na hasira yake. Akilia, mshikie fimbo. Unasema atakufa, lakini huyo mtu alitoka Burma, akazika watu, akahamishwa nyumbani kwake kwa bunduki, na bado anapangusa picha kila siku. Wewe na Njuki mmemfanya yai. Nadhani atakachouliza kwanza ni kama mtoto wake anakula. Mwambie anakula. Halafu mweleze habari ya wajukuu wawili wenye jina lake, na umwache atambue mwenyewe Nyamu alikuwa akimpeleka wapi.

Mbele ya kamati wewe usiseme habari za sahani. Hilo ni lake. Yeye ndiye aliyetangaza vyombo na yeye ndiye wa kurudisha maneno yake, na akitaka kusema tu kwamba amebadili nia, inatosha, baba hadaiwi sababu. Lakini sehemu nzima ya Njuki, kahawa na chakula, iandikwe Njuki wa Runji, jina lake mwenyewe, kwa sababu yuko hai na ana miguu ya kurudi. Wakikataa kumwandika asiyekuwapo, basi iandikwe Runji wa Njuki, maneno yote matatu, na usiondoke hapo mpaka umeliona kwa macho yako hilo neno la tatu. Unajua kusoma, umeniandikia kurasa nyingi. Simama nyuma ya karani na usome. Akikuuliza wewe ni nani, mwambie ni mama wa huyo anayemwandika.

Na Murithi wa Kiirua, mtumie habari leo. Aliyekuletea maneno mlangoni na aje ayasimamie, kama mzee atataka kusikia kutoka kwa mtu aliyeona. Pasi ataipata, wenye vyeti kutoka ng'ambo hupewa pasi upesi kuliko sisi.

Sasa ahadi yako. Umeahidi kutomwambia mzee kwamba mtoto wake anaosha sahani. Hukuahidi kumpa Nyamu shamba la mtoto huyo. Njuki alipokutaka unyamaze hakujua kamba za kupimia zinakuja, na kama alijua, basi ni mjinga kuliko ninavyodhani. Mwandikie, usimwombe msamaha. Mwambie umesema na kwa nini umesema, mwambie miti ya kahawa imezaa na ni nani aliyeipanda, na kwamba yule mama mwenye nyumba alimwuliza swali la haki na wewe pia unangoja jibu. Ukimchukia siku nyingine, mchukie, mbona una haki nayo. Lakini fikiri siku anayoshuka Runyenjes na sanduku lake. Cheti hana. Gari lilikuwa la mtu mwingine. Kitu pekee ambacho mtu huyo anacho duniani ni hicho kipande unachokilima, na wewe ndiye unayekilinda kwa niaba yake huku ukidhani unalinda heshima yake.

Watu watacheka, hilo ni kweli. Watakuita Mke wa Sahani badala ya Mke wa Amerika. Waitikie. Kwa jina hilo angalau utapanga mstari wa maziwa bila kuvutwa mkono.

Nenda kwa mzee kesho, usingoje kesho kutwa. Na ukiona huna moyo huo, basi usipoteze stempu kuniandikia tena. Mtafute Nyamu, umwulize kwa adabu ni kona ipi ya shamba lake atakayomwazima ndugu yake kulala, siku atakaporudi.